Mabanga, Mji Unaongoja Wino

Katika Kilingala neno mabanga maana yake ni mawe, na mtu yeyote aliyepata kutembea kwa miguu katika vitongoji vya Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, katika komine ya Karisimbi mjini Goma, hahitaji kufasiriwa jina hilo zaidi. Maana kila ukuta uliojengwa huko, kila kizingiti, kila ua unaotenga nyumba na nyumba, na njia yenyewe imchubuayo mpita njia viatu vyake, ni jiwe jeusi lile lile ambalo mlima Nyiragongo ulilimwaga likiwa uji wa moto, likatambaa, likapoa, likawa ardhi yetu. Si jiwe linyenyekealo patasi kama matumbawe ya Lamu, ambayo mafundi wa pwani waliyatia nakshi kwa karne nyingi. Lina matundu elfu, lina makali, lina mikunjo kama ya kitambaa kilichokamuliwa kikatupwa kabla ya kuanikwa. Niliishi na jiwe hilo miaka mingi nikilitazama kwa macho tu, na ikirari yangu ni kwamba sikulijua mpaka siku ile nilipolipaka wino.

Rai ninayoitoa leo ni hii: kwamba shule za Goma, na nyumba za utamaduni zilizomo mjini, zianze kuwafundisha vijana sanaa ya kolagrafu, yaani kupiga chapa kutoka kwenye bamba lililojengwa kwa vitu vyenye mparuzo vilivyogandishwa kwa gundi, na kwamba zisingojee msaada, wala mtaalamu wa kutoka mbali, wala mashine ya thamani, kwa kuwa vitu vyote vitakiwavyo tumekwisha kupewa, na vingine tumepewa kwa gharama ambayo hakuna mji ungetamani kuilipa.

Yafaa nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi watakuwa hawajapata kulisikia jina lake. Bamba la kolagrafu halichongwi kwa kisu kama ubao wa chapa, wala haliliwi kwa tindikali kama shaba. Bamba hili hujengwa. Mtu huchukua kipande cha kadibodi ngumu au cha ubao mwembamba, akagandisha juu yake kitambaa, uzi, majani makavu, mchanga, au karatasi iliyokunjwakunjwa, kisha akavifunika vyote kwa vanishi, akavitia wino, akavilazia karatasi iliyoloweshwa kidogo na kuikandamiza mpaka karatasi iingie katika kila bonde na kupanda juu ya kila kilima. Jina lilitungwa mwaka 1956 na Glen Alps, Mmarekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, kwa kuunganisha neno la Kiyunani la gundi na lile la kuandika. Walakini kazi ilitangulia jina, kwa sababu Rolf Nesch, mchapaji wa Kijerumani aliyehamia Norway mwaka 1933 kuukimbia utawala wa Hitler, alikuwa tayari akishikiza nyaya na vipande vya madini juu ya mabamba yake. Sanaa hii, basi, haina mwenye hati miliki wala haina mji wake wa asili. Ni mali ya kila aliye na gundi na subira.

Sasa natuje Mabanga, tuone kilichopo. Lipo gunia la makala, yaani makaa, ambalo kila nyumba hulitupa likiisha kutoboka. Upo wavu mkuukuu wa sambaza, samaki wale wadogo waliotolewa ziwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ni kitoweo cha tajiri na maskini; tundu la wavu huo ni dogo hata ukiutazama wino wake juu ya karatasi utadhani mtu ameketi mwezi mzima akichora kwa sindano. Upo ukanda wa tairi ambao mafundi huuvisha gurudumu la mti la chukudu, chombo kile kinachobeba viazi, mbao na maji ya mji huu. Lipo gome la mkaratusi, lipo ganda la mgomba lenye mishipa iliyonyooka, upo mfuko wa saruji ambao karatasi yake ni imara kuliko daftari lolote la dukani. Na lipo turubai jeupe la mahema, ambalo Goma imelijua tangu mwezi wa Julai 1994, pale halaiki ya wakimbizi kutoka Rwanda ilipofurika mjini kwa siku chache. Turubai hilo lina tabia iliyonishangaza: kwa kuwa ni laini, wino hufutika juu yake na chapa ikatoka nyeupe, ila mahali lilipokunjwa, hapo wino hukimbilia ndani ya mkunjo ukakaa, na karatasini huonekana mistari myeusi iliyo myembamba, ikipita katika weupe, mmoja kwa kila mara hema lilipofungwa na kufunguliwa.

Bamba humfundisha mtu adabu kabla ya kumfundisha uzuri, na adabu ya kwanza ni ya kimo. Nilipoanza, kwa pupa ya mwanafunzi, niligandisha kipande cha tairi kando ya jani la mgomba, nikajiona nimekusanya maisha yote ya mtaa katika kadibodi moja. Nilipokandamiza, tairi likaipasua karatasi katikati, na jani, lililokuwa chini mno, halikugusa chochote wala halikuacha alama. Tangu siku hiyo sipandishi kitu juu ya bamba kikazidi mwenziwe kwa zaidi ya unene wa sarafu mbili. Adabu ya pili ni ya vanishi: sharti ipakwe mbele na nyuma na pembeni, mara mbili, na iachwe ikauke usiku kucha, au siku mbili katika masika yetu yasiyokoma, la sivyo gundi hulainika kwa unyevu wa karatasi, bamba na karatasi hung'ang'aniana, na ukivivuta kazi yote hung'oka kama gome la mti mbichi. Nimepoteza mabamba matatu kwa haraka hiyo, nami nayasikitikia hadi leo, kwa kuwa moja lilikuwa na unyoya wa kunguru ambao sikupata mwingine mfano wake.

Kisha lipo suala la wino. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kwa vita vya Januari 2025, kila mwenye kazi ya mikono alikumbushwa kwamba si busara kujenga riziki yake, wala mafunzo ya watoto, juu ya kopo litokalo Ulaya. Lakini wino mweusi wa wachapaji si siri: ni masizi yaliyosagwa sana pamoja na mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa yakawa mazito. Masizi tunayo, maana taa ya mafuta na jiko la kuni ni wenyeji wa nyumba zetu. Na unga wa makala haufai kwa kazi hiyo, kwani chembe zake ni kubwa na rangi yake huelekea ujivujivu. Mafuta ndiyo yaliyonitia taabu. Nilijaribu mawese, kwa sababu yapo kila sokoni, na chapa ikatoka nzuri ajabu siku ya kwanza. Siku ya tatu mafuta yalikuwa yamesambaa nje ya kila mstari yakafanya duara la manjano, na baada ya mwezi karatasi ilikuwa bado yapaka vidole vya mtu. Sababu yake ni kwamba mawese hayakauki: hubaki mafuta daima, ilhali mafuta ya kitani huvuta hewa, yakagandamana na kuwa utando mgumu. Alizeti iko baina ya haya mawili, hukauka kwa uvivu mkubwa. Somo hilo dogo la kemia, ambalo mwalimu angeliandika ubaoni kwa mistari miwili na wanafunzi wakalisahau kesho yake, ukilipata kwa vidole vyako mwenyewe vilivyochafuka hutalisahau mpaka kufa.

Lakini kilichonifanya niandike haya si gunia wala masizi. Ni unga wa jiwe. Katika miaka ya 1960, Henri Goetz, msanii mzaliwa wa Marekani aliyefanya makao Ufaransa, alieneza ufundi wa kunyunyizia juu ya bamba unga wa kaborandamu, madini magumu ya kunolea vyuma, ukashikwa na gundi; chembe zake, kwa wingi wake na makali yake, hukamata wino mwingi, na chapa hutoa weusi mzito kama mahameli. Joan Miró wa Hispania aliutumia ufundi huo katika kazi zake kubwa. Nilipozisoma habari zake nilitoka nje ya nyumba nikatazama chini. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ndiyo sababu hutiririka kwa wepesi wa kutisha badala ya kusukumana polepole kama lava za milima mingine. Na ikipoa huganda na mapovu ya hewa ndani yake. Kila asubuhi katika mji huu wapo kina mama na vijana waketio kando ya marundo ya jiwe hilo, wakilipasua kwa nyundo wapate kokoto za kuuzia wajenzi, na chini ya kila rundo hubaki vumbi jeusi ambalo hakuna anunuaye. Niliomba kikapu kimoja cha vumbi hilo. Nililitwanga zaidi katika kinu kikuukuu, nikalichekecha mara tatu, kwanza kwa chekeche la unga, kisha kwa kipande cha chandarua, mwisho kwa kitambaa cha kilemba, nikapata daraja tatu: chembe kama sukari, chembe kama chumvi laini, na unga ambao ukiupuliza unapaa. Nilipaka gundi juu ya kadibodi kwa brashi, nikanyunyizia, nikasubiri, nikatia wino na kuufuta kwa shashi.

Sina budi kusema bila kificho kwamba niliketi. Karatasi ilipoinuka ilikuwa na usiku juu yake, usiku wa namna ambayo kalamu haiwezi, wala brashi. Na katika ukingo wake, pale unga laini ulipokutana na ule mkali, ulikuwa na ukungu uliokuwa ukifunguka polepole, kama ule unaopanda kutoka ziwani alfajiri. Na weusi ule haukununuliwa dukani. Ulitoka katika jiwe lililokuwa limemzuia mtu asipite.

Watu wa Kinshasa wana usemi, kobeta libanga, kupiga jiwe, kwa maana ya kuhangaikia riziki ya siku kwa taabu. Kiswahili nacho husema kupiga chapa. Huko Mabanga vitendo hivi viwili vyaweza kuwa kimoja.

Kuna neno ambalo limenitembelea sana katika majaribio haya, nalo ni athari. Magazeti yetu hulitumia siku hizi kwa maana ya matokeo, na aghalabu matokeo mabaya: athari za vita, athari za mafuriko, athari za mlipuko. Wazee wa pwani walilijua pia kwa maana iliyo karibu zaidi na asili yake ya Kiarabu, yaani alama iliyobaki juu ya kitu baada ya kuguswa. Kovu, doa, unyayo. Goma imetangazwa ulimwenguni kwa athari za maana ya kwanza. Imepigwa picha mwaka 1994 kwa ajili ya wakimbizi, ikapigwa picha tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokata mji katikati, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia ziwani, ikapigwa picha tena mwezi wa Mei 2021. Na mpiga picha, hata awe mwenye huruma na ujasiri, kazi yake humtaka asimame mbali na kitu kwa kadiri fulani. Sikusudii kuwatweza, maana bila wao dunia isingejua, na wamo wana wa Goma miongoni mwao wanaofanya kazi hiyo kwa heshima. Nasema tu kwamba chapa ya kolagrafu haina mbali. Hakuna alama karatasini isipokuwa kitu kiliigusa karatasi. Gunia limelala pale, jiwe limekandamizwa pale, na hayo mengine ni ghaibu. Mtoto akipigia chapa ardhi ya kwao ametoa ushahidi wa namna ambayo mgeni hawezi kuutoa kwa niaba yake.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba haya ni ya kuigwa, kwamba jina ni la Seattle na ufundi ni wa Paris. Namwomba aangalie kaskazini yetu kidogo. Wambuti wa msitu wa Ituri hutengeneza nguo kwa gome la mti. Gome hupondwa mpaka likalainika, kisha wanawake wakalichora mistari na mapengo ambayo leo hutunzwa katika makumbusho ya mataifa. Waganda nao huligonga gome la mti mutuba kwa nyundo za mbao zilizochanjwa mifereji, na mifereji hiyo huacha milia yake juu ya nguo. Ufundi huo UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu, na Fred Mutebi, mchapaji wa Uganda ajulikanaye kwa chapa zake za mbao zenye rangi nyingi, amefanya jitihada ya kuuhuisha. Nyundo yenye mifereji ni nini ikiwa si bamba? Na hapa hapa Kongo, katika karakana aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1946, mchoraji Bela aliweka brashi kando akatia rangi kwa ncha za vidole, doa kwa doa, hata karatasi ikajaa samaki, ndege na miti. Kugusa si ugeni kwetu.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya yule atakayesema: watu wana njaa, na wewe unahubiri karatasi. Hoja hiyo naiheshimu, na jibu langu si la maneno matamu. Bamba moja la kadibodi lililopakwa vanishi vyema hutoa chapa kumi, ishirini, pengine thelathini, kabla ya nakshi zake kuchakaa. Kila chapa huandikwa nambari yake na kutiwa saini kwa kalamu ya risasi, nayo ni kazi halisi, si nakala, ila bei yake yaweza kuwa sehemu ndogo ya bei ya mchoro mmoja wa rangi. Kule Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa Jean Pruitt iliwapa ufundi na kipato vijana ambao hawakuwa na mlango mwingine, na kupiga chapa kulikuwa miongoni mwa kazi zake. Ama mashine, chapa ya juujuu haihitaji zaidi ya mgongo wa kijiko na dakika ishirini za mkono mvumilivu. Na ile ya ndani, iliyo na wino katika mabonde, yahitaji uzito, na uzito gereji zote za mji huu zinao. Jeki ya lori ikitiwa baina ya vyuma viwili vilivyochomelewa pamoja, na ubao mnene juu ya bamba, hukandamiza karatasi kwa nguvu ya kutosha kabisa. Mchomeleaji wa jirani aliniundia fremu hiyo kwa siku moja na nusu, akaikataa nusu ya ujira wake kwa sharti kwamba nimwonyeshe kinachotoka.

Hivyo basi, kwa yale makao ambayo tayari yanawalea vijana, kama Yole!Africa iliyoasisiwa na Petna Ndaliko Katondolo, ambako vijana wa mji wamejifunza filamu, muziki na ngoma, na kwa walimu wa somo la uchoraji wanaowapa wanafunzi chungu cha maua wakinakili mwaka hata mwaka, ombi langu ni dogo: Jumamosi moja, kadibodi ishirini, kopo la gundi, kopo la vanishi, na ruhusa ya watoto kutoka nje ya ua waokote. Wasiambiwe wachore nini. Waambiwe wapapase.

Siku nilipoanika chapa zangu kambani, baina ya mashati, mama auzaye makala upande wa pili wa njia alivuka kuzitazama. Hakuuliza maana yake. Alizipita mbili, akasimama mbele ya ya tatu, akaweka kidole juu ya mfumo wa nyuzi uliokuwa na mpasuko ulioshonwa kwa kamba. «Mwalimu,» akasema, «hii ni gunia yangu.» Ilikuwa kweli, nililiokota mlangoni pake. Nikamwonyesha kisha ile niliyoipenda kuliko zote, ambayo bamba lake halikuwa kadibodi hata kidogo: nilikuwa nimekipaka wino kizingiti cha nyumba yangu kwa kigurudumu, kama kilivyo, nikalaza juu yake karatasi ya mfuko wa saruji na kuisugua kwa kijiko, na kila tundu la jiwe lile lilikuwa limebaki jeupe katika weusi.

Aliitazama kitambo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka, serikali ilipoamuru vitongoji kumi vya Goma vihamwe, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini vikiwamo, yeye alikwenda mji wa Sake kwa miguu na watoto wanne na godoro moja, nami nalijua hilo kwa kuwa tulitembea pamoja. Akaniuliza kama karatasi hiyo yaweza kukunjwa. Nikamwambia yakunjika, nayo haichuji, maadamu wino umekwisha kukauka. Akasema: «Basi kesho ukuje kwangu, Mwalimu, nitafagia mlango.»